Pilipili Iliyodariziwa kwa Kiu

Watu wa mji wa Shtip husema ukali wa pilipili hutoka kwenye mkono ulioipanda. Ukiipanda huku unacheka, nayo itakucheka mezani. Ukiipanda na hasira, itakuliza. Ndiyo maana kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwezi wa tano, ikishapita na baridi ikiwa imekata tamaa, majirani wa jengo la karibu na soko la mboga walipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wamebeba miche yao kwenye vikopo vya maziwa ya mgando, wakabisha hodi kwa Dosta. Katika jengo lile zima hapakuwa na mkono wenye hasira kama wake.

Hawakumwambia hivyo, bila shaka. Walisema wana maumivu ya mgongo, au hawana bahati na mimea. Aliyesema wazi ni Spasia peke yake, jirani wa mlango wa pili, rafiki yake tangu enzi za kiwanda. Spasia aliamini kwamba hasira ni kama makaa: ipo, lakini lazima ipulizwe.

"Dosta, shoga yangu, mwanao Metodi hajambo huko Skopje?"

"Hajambo."

"Nasikia kanunua gari jipya."

"Kanunua."

"Wanasema lina kila kitu. Njia ya kuja Shtip tu ndiyo halina."

Dosta alichomeka kidole kwenye udongo. "Lete mche."

"Subiri kidogo. Na mwenyekiti wa jengo anasema kamba zako za pilipili zinachafua ukuta mpya."

"Lete mche, Spasia, kabla sijakupanda wewe."

Hapo Spasia aliridhika, akampa mche.

Hasira ya Dosta ilikuwa na umri sawa na yeye. Alizaliwa binti wa tano katika nyumba iliyokuwa ikingoja mvulana, na baba yake, mchunga kondoo wa kuajiriwa, akampa jina ambalo watu wa kwao humpa binti wanapotaka kuufunga mlango nyuma yake. Dosta, yaani basi, imetosha. Aliyemfuata alikuwa binti mwingine. Dosta alikuwa akiisimulia habari hiyo kama ushindi wake wa kwanza.

Alipokuwa msichana alishuka kutoka kijijini akaajiriwa katika kiwanda cha nguo. Akaketi mbele ya cherehani, akashona kola za mashati ambayo hakupata kumwona hata mtu mmoja aliyeyavaa. Nywele zikaanza kuwa nyeupe akiwa palepale. Kisha kiwanda kikafungwa, na siku moja wakaja wanaume kuchukua mashine. Wanawake wengine walilia. Dosta alikaa.

"Mama, inuka tuchukue mashine."

"Nashona."

"Umeme umekatwa, mama."

"Nangoja urudi."

Walipochoka kumbembeleza walimbeba yeye na kiti chake, wakamtua nje ya lango kama mzigo usio na mwenyewe. Dosta akasimama, akapangusa sketi, akajitwika kiti mgongoni, akapita nacho katikati ya mji hadi nyumbani. Hakuna aliyethubutu kukidai. Kiti hicho, cha mbao, chenye mgongo mfupi ulionyooka, ndicho kilichosimama kwenye roshani yake miaka yote iliyofuata, na juu yake chungu cha pilipili. Kwenye sakafu mmea ungekosa jua, kwa sababu ya ukuta wa roshani. Lakini Dosta alikuwa na sababu nyingine. Alisema kiti kile hakikaliwi na kitu chenye uti wa mgongo laini.

Pilipili yenyewe, kwao huiita iliyodariziwa. Ni ndefu, nyembamba, na inapokuwa nyekundu ngozi yake hupasuka vipasuko vidogo vikavu, vyeupe kidogo, vikizunguka mwili wake kama nyuzi zilizotiwa na sindano ya mtu mwenye subira. Mbegu alipewa na mama yake, zimefungwa fundo kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa, asubuhi ile alipoondoka kijijini. Wanawake wa mjini wakiishika pilipili ile hupitisha ukucha juu ya darizi kabla ya kuuliza chochote. Nyuzi zikiwa nyingi, na moto ni mwingi.

Nyuzi hizo haziji zenyewe. Pilipili inayonyweshwa kila siku hunenepa, hung'aa, huwa laini kama shavu la mtoto wa tajiri, na ukiila unakula maji. Dosta aliiacha yake ipate kiu. Aliitazama majani yakilegea, yakining'inia kama masikio ya punda aliyetoka kinuni, na bado hakuinuka. Marehemu mumewe, Kiril, mtu wa huruma, alikuwa hawezi kuvumilia.

"Mke wangu, inakufa hiyo."

"Haifi. Inafikiri."

Ikishafikiri vya kutosha, Dosta alileta maji katika kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kufinyangwa, akayamimina polepole shinani. Jioni majani yalikuwa yamesimama tena. Hapo ndipo ngozi ya tunda ilipopasuka uzi mmoja zaidi.

Mwezi wa saba, mwaka ambao habari hii inauhusu, Dosta alianguka kwenye ngazi akiwa amebeba tikiti maji. Tikiti lilibingirika hadi chini bila kupasuka. Nyonga yake ilivunjika. Spasia alipomkuta amelala pale, neno la kwanza alilosikia kwake ni, "Liokote lile kabla hawajaliiba."

Metodi alikuja siku ileile. Hakuwa mwana mbaya. Alikuwa na sauti ya baba yake na viganja vya mtu anayeogopa kuvunja vitu. Baada ya upasuaji alimchukua mama yake hadi kwake Skopje, mji mkuu, ghorofa ya nane, jengo lenye lifti na ubaridi wa mashine. "Mpaka upone, mama," alisema. Hata chungu cha pilipili alikwenda kukichukua, akakifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari jipya kama abiria. Kiti cha mbao alikiacha Shtip. Dosta aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Alilala katika chumba chenye mapazia meupe. Mkwe wake Suzana alimletea supu, akamletea mito, akamsogezea televisheni. Roshani ilikuwa upande wa pili wa sebule, na Dosta hakuiona isipokuwa akilini. Kila asubuhi alisikia maji yakimwagika huko, na jioni akayasikia tena.

"Suzana, unafanya nini huko?"

"Nanywesha maua, mama. Na pilipili yako. Ungeiona inavyonawiri."

"Usiinyweshe."

"Jua la huku ni kali, mama. Usijali, mimi nitaitunza."

Na aliitunza. Mwezi wa nane ulipokaribia mwisho alimletea tunda la kwanza kwenye kisahani, jekundu, nene, linang'aa. Dosta alipitisha ukucha juu yake kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Ukucha haukukwama popote. Akang'ata, akatafuna, akangoja. Suzana alisimama akitabasamu na glasi ya maziwa mkononi, tayari kuuzima moto.

"Vipi, mama?"

Dosta alimeza, akakiweka kisahani kando ya kitanda. Metodi aliporudi kazini na kuambiwa kwamba mama hajasema neno mchana kutwa, aliingia chumbani na viatu vyake miguuni.

"Mama, unaumwa?"

"Onja hiyo."

Akaonja. Akatazama chini.

"Suzana ni wa Skopje, yeye hana kosa," Dosta alisema. "Wewe umelelewa chini ya pilipili hii. Meno yako ya kwanza yaliotea hapo. Ulisikia maji yanamwagika asubuhi na jioni, ukanyamaza."

"Niliona wewe umelala, mama. Nikasema angalau yenyewe isiteseke."

Dosta akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya gari. "Kiti changu uliacha kwa nini?"

Metodi alivua viatu, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta muda. "Nimepata mpangaji wa nyumba yako. Mwalimu, mtu mtulivu. Ataingia siku ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa kumi na moja."

"Hukuniuliza."

"Ngazi zile zitakuua."

"Ngazi zile ni zangu."

"Hapa una kila kitu, mama."

"Ndiyo. Kama hiyo," akakielekeza kidevu kwenye kisahani.

Tangu kesho yake Dosta alianza kutembea. Daktari alikuwa amesema taratibu, naye taratibu hakuwahi kuijua. Alishika kitanda, akashika mlango, akashika ukuta wa sebule, akitukana kimyakimya kwa lugha ya kiwandani. Suzana alimfuata nyuma na mikono imenyooshwa kama anayebeba bilauri iliyojaa. "Keti, mama. Pumzika, mama." Dosta aliketi palipomlazimu, akainuka kabla hajaambiwa. Usiku nyonga ilimchoma, na hakumwambia mtu.

Siku aliyofika kwenye roshani alishika ukingo wa chungu kwa mikono yote miwili. Udongo ulikuwa umelowa kama uji.

"Suzana, njoo mwanangu. Kuanzia leo, asiyekunywa kwa mkono wangu hanywi."

"Mama, itakauka."

"Itafikiri."

Suzana hakuelewa, lakini alikuwa mwanamke wa kuahidi na kutimiza kwa nusu. Mara mbili Dosta alimfumania na birika ameficha nyuma ya mgongo. Mara ya tatu Dosta alilichukua birika lile akalala nalo. Majani yalilegea. Yalilegea hadi Suzana akawa anapita roshani bila kuyatazama, kama mtu anayepita mbele ya ombaomba akiwa hana kitu mfukoni.

"Mama, naomba tu tone."

"Kaa hapa uitazame nami."

Wakakaa, mkwe na mama mkwe, alasiri nzima. Chini magari yalipiga kelele. Jua lilipohama, Dosta aliagiza kikombe cha kahawa, akakijaza maji, akampa Suzana amimine mwenyewe. Walipomaliza chakula cha jioni Suzana alitoka kuchungulia. Alikuta majani yamesimama, akarudi ndani kwa haraka.

Matunda yaliyokuja baadaye yalikuwa madogo. Mwezi wa kumi yakaanza kuwa mekundu, na Suzana ndiye aliyeuona uzi wa kwanza, mfupi, karibu na kikonyo. Akaujaribu kwa ukucha. Ukucha ukakwama.

Mkesha wa Mtakatifu Dimitri Dosta alisimama jikoni kwa miguu yake, mkongojo umeegemea kabati. Aliyachemsha maharage, akamwaga maji ya kwanza, akayatia kitunguu kilichokaangwa, akayaweka katika bakuli la udongo na kuyaingiza kwenye joko. Juu kabisa alilaza pilipili moja iliyodariziwa, nzima, kama maiti ya heshima. Metodi aliila kwa mkate. Kijiko cha tatu uso ukawa mwekundu, machozi yakamshuka, na hakuacha kula. Aliponyoosha mkono kutaka maji, Dosta aliusogeza mtungi mbali.

"Ngoja kidogo," akamwambia. "Itapita."

Ikapita. Metodi alifuta macho kwa kiganja, akacheka kidogo peke yake, akaomba kijiko kingine. Dosta alidhani amekwisha kuelewa. Lakini alipoinuka mezani Metodi alisema, "Kesho asubuhi nitampelekea mwalimu funguo."

Asubuhi walimkuta Dosta sebuleni amevaa koti, kitambaa kichwani kimefungwa fundo la safari. Chungu kilikuwa ndani ya kikapu cha magurudumu cha Suzana, kimezungushiwa taulo.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Leo sikukuu gani?"

"Mtakatifu Dimitri."

"Babu yako alichunga kondoo za watu. Alijifunga kwa tajiri siku ya Georgi, akafunguliwa siku ya Dimitri. Hiyo siku hata tajiri mwenye roho ya jiwe hakuweza kumzuia mchungaji. Ukitaka unabaki, ukitaka unaondoka. Mimi naondoka."

"Wewe si kibarua hapa, mama."

"Basi huna hata haki ya tajiri."

Metodi alisimama mlangoni. Hakuuziba, lakini hakuupisha pia. "Mimi sikupeleki kwenye ngazi zile. Siwezi. Sitaki niwe mimi niliyekupeleka."

"Sijakuomba."

"Ukifika pale chini utaziona, utanipigia simu nije kukuchukua."

"Nitakupigia nikiwa juu."

Suzana ndiye aliyelisukuma kapu hadi kwenye lifti. Ndiye aliyemwita mtu wa teksi, akamsaidia kuingia, akaukaza mkanda wa chungu. Kabla hajafunga mlango aliinamisha kichwa ndani. "Mama, nimechuma moja. Kwa ajili ya mbegu."

"Ikaushe kwanza. Na upande ukiwa umekasirika."

"Nikasirikie nini?"

"Mume unaye. Hutakosa sababu."

Kwenye basi la Shtip dereva alitaka chungu kiwekwe chini na mizigo. Dosta alimwambia amekilipia kiti, naye alikuwa amekilipia kweli. Dereva akamtazama, akatazama mkongojo, akawasha injini.

Spasia alikuwa akingoja mlangoni mwa jengo. Kama kawaida yake hakusema pole wala karibu. Alichukua kapu, akatazama juu ya ngazi.

"Umekonda. Wanakulisha nini huko, pamba?"

"Maji," Dosta alisema. Akashika ukingo wa ngazi.

Sehemu ya kwanza aliipanda kwa kiburi. Ya pili aliipanda kwa mkongojo. Walipofika ghorofa ya kwanza pumzi ilikuwa inamtoka kwa filimbi, na nyonga imeanza kuongea lugha yake. Ghorofa ya pili alikaa kwenye ngazi, paji la uso limelowa, kitambaa kimeshuka shingoni. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti. Spasia aliuona mkono ukiigusa.

"Mpigie tu," Spasia alisema. "Atakuja mara moja, gari lake lina kila kitu."

Dosta aliikamata simu mfukoni.

"Hata hivyo yule mwalimu alikuja juzi kupima madirisha. Mtu mpole. Aliniuliza kile kiti cha roshani cha nani. Nikamwambia cha mwenye nyumba. Akasema kibovu, atakitupa."

Mkono ukatoka kwenye simu.

"Alisema nini?"

"Kibovu. Cha kuni."

Dosta aliinuka. Hakuinuka vizuri. Aliinuka kama kitu kinachong'olewa, akashika ukingo kwa mikono miwili, mkongojo ukamponyoka ukateremka ngazi ukigonga. Wala hakugeuka kuutazama. Aliweka mguu mzima, akauvuta mbovu. Akaweka mzima, akavuta mbovu. Nyuma yake Spasia alikuja na chungu, akimhesabia makosa yake yote ya enzi za kiwanda, kola alizoshona kichwa chini, mchumba aliyemkataa kabla ya Kiril, na Dosta akimjibu kila moja kwa tusi, hadi tusi la mwisho alilitoa akiwa ameegemea mlango wake mwenyewe.

"Kweli alisema cha kuni?" aliuliza, pumzi ilipomrudia.

"Hajawahi kufika hapa huyo," Spasia alisema. "Fungua, mikono inaniuma."

Dosta alimtazama kwa macho ya kumpanda. Kisha akafungua.

Nyumba ilikuwa na harufu ya vumbi na ya yeye mwenyewe. Kiti kilikuwa palepale kwenye roshani. Walikiingiza jikoni, karibu na dirisha, kwa sababu baridi ilikuwa imekaribia, na wakaweka chungu juu yake. Dosta aliketi kando, kwenye kiti cha kawaida, akatoa simu.

"Niko juu," akasema, akakata.

Metodi alifika jua lilipokuwa limebaki kwenye paa za soko tu. Alibeba nguo zake, dawa zake, na mkongojo aliouokota mlangoni chini. Hakulaumu. Alivitua vyote, akakaa na mikono yake mikubwa magotini.

"Mwalimu nimempigia," alisema baadaye. "Nimemwambia nyumba ina mtu."

"Vizuri."

"Nitakuja Jumamosi. Nitaleta kuni."

"Lete na Suzana."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, aliinyoosha kwenye chungu, akagusa udongo kwa ncha ya kidole. Majani yalikuwa yamelegea kutokana na safari.

"Mama, pamekauka."

"Najua," Dosta alisema.

Mwana akautoa mkono wake.